Muulize Anko Mtendaji: "Vijana walishirikishwa", maana yake walibeba viti?

Haya wadau, mwezi huu barua karibu zote ni za vijana, na mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti tofauti: inakuaje mambo ya mtaa na kijiji yanaamuliwa bila nyie alafu baadae mnaambiwa mlikuwepo. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikua mtendaji wa kijiji, baadae mtendaji wa kata, huku Tanzania bara, sasa nimestaafu, magoti yanauma ila mihutasari naikumbuka mpaka kesho. Kwaiyo nikijibu najibu kama mtu aliyekaa upande ule mwingine wa meza. Majina yenu nimeyaficha na vijiji vyenu pia, msije mkanunuliwa ugomvi nyumbani.

Shikamoo Anko. Mi ni bodaboda, miaka 24, nipo Dar. Mtaani kwetu mkutano unaitishwa katikati ya wiki saa nne asubuhi, muda huo sisi tupo barabarani tunasaka hesabu ya bosi. Wanaoenda ni wazee na wamama wenye nyumba zao, wanapitisha mambo, juzi wamepitisha kila mtu atoe hela ya ulinzi shirikishi, mpaka sisi wapangaji. Tukilalamika tunaulizwa "mlikua wapi?" Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Kabla sijakujibu ngoja nikiri kosa, maana ukurasa huu sio wa kujisafisha. Mimi mwenyewe nilikua naitisha mikutano Jumanne saa tatu asubuhi, na nilijua kabisa naifanya nini. Wazee wanakuja mapema, wanakaa chini ya mwembe, hawaulizi sana, saa sita tumemaliza nipo ofisini naandika. Vijana wakija wanauliza risiti. Sasa wewe ungekua mtendaji ungeitisha lini? Na kuna kitu kibaya zaidi, kuna mwaka niliandika kwenye ripoti ya kata "vijana walishirikishwa kikamilifu" kwa sababu vijana watatu walibeba viti kutoka shuleni mpaka uwanjani na kuvirudisha. Ripoti ilipokelewa, ata hakuna aliyeniuliza walisema nini hao vijana.

Kwaiyo usisubiri mtu akuhurumie, andika barua. Barua fupi tu, ukurasa mmoja, "sisi wakazi wa mtaa huu tunaofanya kazi za mchana tunaomba mkutano uwe Jumapili saa kumi jioni", mnaweka majina na saini za kijiwe kizima, mnatoa kopi mbili, mnapeleka kwa mtendaji wa mtaa, moja anabaki nayo, nyingine anawagongea muhuri wa kupokea mnarudi nayo. Huo muhuri msiuache! Barua isiyo na muhuri ni kama haijaandikwa, na mimi nimezitupa nyingi za namna hiyo, Mungu anisamehe.

Alafu kuhusu upangaji, usikubali mtu akwambie mkutano ni wa wenye nyumba. Ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, uwe na nyumba uwe na chumba kimoja cha kupanga na panya zake. Kama unadaiwa hela ya ulinzi kwa sababu ni mkazi basi na kuongea unaongea kwa sababu ni mkazi, hawawezi kukutambua siku ya kudai tu.

Na wakikataa kubadili siku? Kijiwe chenu kina watu wangapi, ishirini? Kila mmoja atoe mia tano siku ya mkutano, hiyo elfu kumi ni hesabu ya bosi ya mtu mmoja au karibu yake. Mtume huyo mmoja akakae pale mpaka mwisho na daftari. Mnachangiana misiba na send-off za watu msiowajua, hii itawashinda?

Kitu kingine nimeona kwenye barua yako ndefu (nimeikata, samahani) unasema umeenda kulalamika kwa balozi. Balozi wa nyumba kumi ni mtu wa chama, mfumo ule ni wa tangu enzi za TANU, na tangu vyama vingi virudi 1992 hayupo kwenye muundo wa serikali za mitaa ata kama watu bado wanamfuata kwa barua za utambulisho. Anaweza kua mzee mzuri sana lakini malalamiko yako kwake yanaishia barazani kwake.

Anko, kijijini kwetu ni Morogoro. Mwaka juzi tuliitwa vijana kwenye kikao cha "mradi", tukapewa soda na karatasi tuandike majina na saini, tukaambiwa ni mahudhurio. Sasa hivi tunasikia eneo tulilokua tunalima bustani kando ya mto kapewa mtu wa mjini na mwenyekiti anasema mkutano mkuu wa kijiji ulikubali na saini zetu zipo. Hatukuwahi kuulizwa kuhusu ardhi. Tumeisha?

Hamjaisha, ila mmeuza saini kwa soda, na hilo inabidi niwaambie bila kuwapaka mafuta. Hii barua nimeisoma mara tatu kwa sababu mchezo huu naujua ndani nje.

Muhtasari wa mkutano una sehemu mbili, maneno na mahudhurio, na mara nyingi ni karatasi mbili tofauti zilizobanwa na pini moja. Pini inatoka. Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa cha habari juu yake inaweza kubanwa kwenye muhtasari wowote duniani, wa mradi wa maji, wa kugawa ardhi, wa kumshukuru mbunge. Kwaiyo kuanzia leo kijana yeyote anaesoma hapa, usisaini mahudhurio ambayo juu hayana tarehe, jina la mkutano na ajenda. Kama hayana andika mwenyewe pembeni ya jina lako, "mkutano wa mradi wa maji, tarehe flani". Watakuona mjuaji. Sawa tu.

Sasa sheria inasemaje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini tu, haiwezi kugawa ardhi ya kijiji mpaka mkutano mkuu wa kijiji uwe umekubali kwanza. Mkutano mkuu ndio nyie wote wenye miaka 18 kwenda juu, mwenyekiti na wale wajumbe wake hawatoshi kua mkutano mkuu ata wakikaa usiku kucha. Na ata serikali yenyewe ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwa ajili ya matumizi mengine, eneo likiwa halizidi hekta 250 mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Hapo muone nyie vijana wa bustani mlikua na nguvu kiasi gani siku ile mnafungua soda.

Cha kufanya ni hiki. Andikeni barua kuomba nakala ya muhtasari wa mkutano uliogawa hilo eneo. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma ikiombwa taarifa inatakiwa ijibu ndani ya siku 30, itajeni kwenye barua kwa jina na mwaka wake, mtashangaa mtendaji anavyokaa vizuri kwenye kiti. Mkiupata muhtasari angalieni tarehe, angalieni ajenda zilizoandikwa, alafu tafuteni wazee ambao majina yao yapo muwaulize kama walikuepo siku hiyo. Mimi nimewahi kuona muhtasari una saini ya mtu aliyekua ameshazikwa miezi minne. Mkikuta mambo kama hayo barua inayofuata iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya. Na lile baraza la ardhi la kijiji pia lipo kwa kazi ya migogoro, wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, wanasuluhisha, ila hili lenu linaweza kua kubwa kuliko wao kwa sababu mnamlalamikia mwenyekiti mwenyewe.

Lakini kilichoniuma kwenye barua yenu ni hapa, mnasema mikutano miwili iliyofuata mlienda. Mlifika saa ngapi? Maana ajenda za mkutano wa kijiji zinafanana nchi nzima. Kufungua. Kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Yatokanayo. Mapato na matumizi. Kinachofuata kinachofuata, alafu mengineyo, kufunga. Ile ya pili, kuthibitisha muhtasari, ndio ajenda inayopita haraka kuliko zote, mtendaji anasoma kwa sauti ya kukimbia, mwenyekiti anauliza "kuna marekebisho?", kimya, "wanaothibitisha wanyooshe mikono", basi, imekua kweli. Hapo ndipo mlitakiwa muwepo! Hapo ndipo kijana ananyoosha mkono anasema mwenyekiti mi nilikuepo siku ile na hili la ardhi halikuzungumzwa, naomba iandikwe hivyo. Mkisema hivyo kwenye mengineyo saa kumi na mbili jioni watu wanawaza kuku wao mnaonekana walevi. Mkisema kwenye kuthibitisha muhtasari inabidi iandikwe, na ikiandikwa mwenyekiti analala vibaya.

Vijana mnapenda mengineyo. Sijui kwanini.

Anko vipi, sisi vijana huku tunashirikishwa kwenye ile mikopo ya halmashauri tu, kwingine hatuonekani. Hii nayo ni ushirikishwaji?

Hapana, huo ni mkopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, bila riba, imewekwa kwenye sheria 2018, ikasimamishwa 2023 baada ya kuonekana hela zinapotea kwenye vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Nzuri, chukueni na mrudishe. Ila swali la ushirikishwaji ni nani alikua mezani wakati inaamuliwa ile asilimia 90 iende wapi.

Naomba ushauri Anko. Nina miaka 20, nimemaliza chuo, nataka kugombea uenyekiti wa mtaa. Sipo chama chochote na sitaki kua chama chochote. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, una milango miwili imefungwa mbele yako, mmoja utajifungua wenyewe na mwingine sio wewe wa kuufungua.

Wa kwanza ni umri. Kupiga kura ni 18, kugombea ni 21. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulikua tarehe 27 Novemba 2024 na unafanyika kila baada ya miaka mitano, kwaiyo mpaka 2029 utakua umeshapita hapo na ndevu zimekaa sawa.

Wa pili ni chama. Huku kwetu mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe na chama hicho, kuanzia kitongoji mpaka Ikulu, mgombea binafsi hakuna. Marehemu mchungaji Mtikila alipigana na hili miaka na miaka mahakamani, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha mwaka 2013 ikaamua kwamba kumkataza mtu asigombee bila chama ni kumnyima haki yake, lakini utaratibu haujabadilika. Mimi kwa maoni yangu (na hapa simsemei mhariri) kwenye ngazi ya mtaa hili ni jambo la ajabu sana. Mtaro umeziba, taka hazijazolewa, chama kinatakiwa kwa ajili gani hapo? Mtu wa kuongoza majirani zake anatakiwa ajulikane na majirani zake. Lakini sheria ndivyo ilivyo na siwezi kukudanganya.

Na sitakudanganya na hili pia, 2024 chama tawala kilichukua karibu asilimia 99 ya vijiji na mitaa, na vyama vya upinzani vililalamika sana kwamba wagombea wao walienguliwa kwenye fomu, kabla ata ya kampeni. Kwaiyo ukiamua kuingia, ingia na macho mawili wazi. Fomu isome mstari kwa mstari, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, kazi yako iandikwe kazi inayoeleweka, watu wameenguliwa kwa vitu vidogo mno.

Kitu ambacho vijana wengi wanakosea, na kiliwakosesha kura wengi, ni kudhani ukiwa na kadi ya mpiga kura basi umemaliza. Uchaguzi wa mtaa una orodha yake ya wapiga kura, inaandikwa mtaani kwenu muda mfupi kabla ya uchaguzi, 2024 ilikua Oktoba 11 mpaka 20, siku kumi tu, na daftari la kudumu la tume ni kitu kingine. Siku zile kumi nilipita pale kituoni kwetu, wamama walikua wanajaa, vijana walikua ng'ambo ya barabara kwenye pool table.

Kama uko Zanzibar hii yote haikuhusu maana sheha anateuliwa, hapigiwi kura. Na majirani zetu Uganda wao wametenga kabisa viti vya vijana kwenye mabaraza ya serikali zao za mitaa, wawili, na mmoja wao lazima awe wa kike. Wengi huwa mnaniandikia tuige. Mi sijui kama naipenda sana, kijana akishapewa kiti chake cha pembeni kila ajenda ngumu anaambiwa wewe subiri ya vijana. Ila kua na wawili wanaosikia kila kitu ni bora kuliko kubeba viti vyenyewe.

Mpaka 2029 una kazi. Ulinzi shirikishi, kamati ya maji, kamati ya shule, kote huko wanatafuta mtu anaejua kuandika vizuri. Jitolee kua mtu wa kuandika. Yani nakwambia hivi, kwenye kikao mwenye kalamu ana nguvu kuliko mwenye sauti.

Anko habari. Mimi ni binti wa miaka 26, Lindi. Nilisimama kwenye mkutano mwezi wa sita nikaongelea zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia chenye faragha, mzee mmoja akasema "wewe mtoto wa flani umeolewa?" watu wakacheka. Mwenyekiti akamaliza kwa kusema bajeti imeshapita. Sijarudi tena.

Pole sana mama. Kwanza rudi.

Hapo umepigwa mara mbili, na la mzee ndilo linalouma lakini la mwenyekiti ndilo lililokushinda. Mzee huyo yupo kila kijiji, nimemkuta kila nilipohamishiwa, nadhani wanampitisha na lori. Dawa yake ni kwenda na wenzako, msikae pamoja, mkae mmoja huku mmoja kule, wewe ukiongea akikuuliza ndoa yako mwenzio upande wa pili anasimama, "mwenyekiti, naomba tujibiwe hoja ya zahanati." Na mtafute bibi mmoja mkunga au mama anaeheshimika umwombe akuunge mkono kabla ya siku yenyewe, umwendee nyumbani kwa adabu na sukari kilo moja. Huko kwenu Kusini mama mtu mzima akiguna mkutano mzima unanyamaza, mnajua wenyewe.

Ila mwenyekiti alisema kweli, mwezi wa sita bajeti imeshapita. Hapa ndipo vijana wengi mnapotea. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Bunge linakaa na bajeti kuanzia Aprili. Kabla ya hapo baraza la madiwani linapitisha ya halmashauri, mara nyingi Januari au Februari. Kabla ya madiwani kuna kamati ya maendeleo ya kata, diwani ndio mwenyekiti, wenyeviti wa vijiji ni wajumbe, mtendaji wa kata ndio katibu, hapo nimekaa mimi miaka. Na kabla ya kata kuna kijiji, mnaibua vipaumbele vyenu kwa ule utaratibu wa fursa na vikwazo. Ukirudi nyuma kwa vidole utaona hoja yako ya chumba cha kujifungulia ilitakiwa iwe kwenye karatasi ya kijiji kuanzia kama mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Sisi tuliokaa mezani tulikua tunajua hili, na kuna wenyeviti wanapenda hoja zije Juni kwa sababu zinajibika kwa neno moja.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, kwaiyo kuna mmoja utaangukia kabla ya Desemba. Uende na kipaumbele chako kimeandikwa, na namba ndani yake: wanawake wangapi wamejifungulia pale mwaka huu, muulize nesi, anazo kwenye kitabu. Namba zinawanyamazisha wanaume wanaocheka.

Na halmashauri ya kijiji wajumbe wake ni 15 mpaka 25 na wanawake wasipungue robo. Mara nyingi zile nafasi za wanawake zinakosa wagombea mpaka watu wanabembelezwa, na anaebembelezwa huwa ni shemeji wa mwenyekiti. Una 26. Fikiria.

Anko salaam kutoka pwani ya Kenya. Sisi huku tuna kitu wanaita ushirikishwaji wa umma, kaunti inatuita tutoe maoni kuhusu bajeti. Tangazo linatoka kwa gazeti leo, mkutano kesho kutwa, kitabu ni kurasa mia tatu za Kizungu, tunapewa maji na nauli, tunasema yetu, wanapitisha yao. Si afadhali tulale?

Karibu jirani. Katiba yenu ya 2010 mimi huwa naionea wivu, maana huku tunaomba nyie mmeandikiwa. Ibara ya 55 inataka vijana wapewe nafasi ya kushiriki, ya 196 inalazimisha bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, ya 201 inataka mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi wawemo. Kwaiyo nyie shida yenu sio haki, ni maji na nauli.

Lakini usilale. Wananchi wachache walienda Mahakama Kuu kuipinga sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, wakisema hawakushirikishwa ipasavyo, na mwaka 2014 mahakama ikaifuta sheria nzima. Sheria nzima! Kwa hiyo hilo tangazo la kesho kutwa, lipige picha likiwa na tarehe, hicho kitabu cha Kizungu andikeni barua mkiomba muhtasari wa Kiswahili na mbaki na nakala, orodha ya waliohudhuria pigeni picha. Huo ni ushahidi, ata msipoenda mahakamani leo wao watajua mnao.

Na Juni 2024 dunia nzima iliona vijana wenu. Mswada wa fedha ulikua umeshapita bungeni, tarehe 25 watu wakaingia mpaka viwanja vya bunge, tarehe 26 Rais Ruto akasema hausaini. Vijana waliutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wakauchambua kifungu kwa kifungu kwenye simu. Nawapa heshima yangu, na waliopoteza maisha Mungu awarehemu. Swali langu la uzee ni moja tu, ule ujuzi wa kuchambua mswada wa Nairobi mbona hauji kwenye ukumbi wa wadi? Kaunti zenu ni 47 na kila moja ina tarehe zake zinazojulikana: karatasi ya mkakati wa fedha inafika bunge la kaunti kabla ya Februari kuisha, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili kuisha. Mkienda Februari mnakuta mgao wa sekta bado unajadilika, huu kwa afya, huu kwa barabara. Mkija Mei mnabaki kugombania rangi ya ukuta. Na huyo MCA wenu, yani mjumbe wa bunge la kaunti, ana kura chache sana za kumpa kiti, muhesabieni, wadi zingine tofauti ya aliyeshinda na aliyeshindwa inaenea kwenye matatu mbili tatu.

Nauli pokeeni tu. Mmesafiri.

Shkamoo Anko, nina miaka 17, nipo kidato cha tatu. Shuleni kwetu vyoo vya wasichana milango imevunjika, mwalimu anasema ni jambo la kijiji, mwenyekiti anasema ni jambo la shule. Mimi siruhusiwi kwenye mkutano kwa sababu ya umri. Nani anitetee?

Marahaba binti. Kupiga kura kwenye mkutano bado, lakini kusikilizwa unaruhusiwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomgusa, na mlango wa choo unakugusa kuliko unavyomgusa mwenyekiti. Hao wawili wanarushiana mpira kwa sababu kila mmoja amesikia malalamiko peke yake. Wakalishe pamoja.

Fanya hivi. Serikali ya wanafunzi iandike barua moja, sio mbili, kwa bodi ya shule, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji na nakala kwa mtendaji wa kata. Msiandike "tunaomba msaada", andikeni matundu mangapi, milango mingapi imevunjika, tangu lini, wasichana wangapi wanatumia. Pale kwenye neno "nakala kwa" ndipo kila mmoja anaona kwamba mwenzie ameiona. Kama kata yenu ina baraza la watoto ulizia nani analisimamia, huwa ni afisa ustawi wa jamii au wa maendeleo ya jamii, mpeni na yeye. Mkutano wa kijiji ukifika mama yako au shangazi yako aisome hiyo barua kwa sauti, na wewe hakuna sheria inayokukataza kusimama pembeni unasikiliza.

Peleka mwenyewe kwa mtendaji wa kata, vaa sare, subiri agonge muhuri, akisema uache utafuata kesho mwambie utasubiri. Alafu nipigie picha nakala yenye muhuri unitumie hapa.